UZI MAALUMU: Vyama vya siri vya Ufaransa, na jinsi siri zao zilivyotufikia kupitia polisi, mashushushu na maadui zao

Kumbukumbu Hai:

Wakuu habari za jioni.

Humu jukwaani haipiti wiki bila mtu kuleta uzi wa Frimasoni, mara msanii fulani kajiunga, mara kuna ibada ya shetani usiku wa manane, mara damu. Nimezisoma sana hizo nyuzi na kuna kitu kinaniuma kwa sababu mimi historia naipenda, nacho ni hiki: sehemu kubwa ya hayo tunayosimuliana yametengenezwa Ufaransa, na mengine tunajua kabisa yametengenezwa na nani na mwaka gani. Tutafika huko.

Sijaja kumtetea mtu wala kumshambulia mtu. Nimekuja na swali moja tu ambalo naomba tutembee nalo uzi mzima: hii karatasi inayotuambia siri za hawa watu ilitoka mkononi mwa nani? Maana watu wakishaapa kwamba hawaandiki kitu, anayeandika ni mwingine, ni kachero au hakimu au aliyewasaliti au adui yao. Ukisoma historia ya vyama vya siri vya Ufaransa bila kuuliza hilo utabebwa tu.

Tuanze na Wamasoni wenyewe, ndio hao Frimasoni. Loji (yaani vikundi vyao vya kukutania) za kwanza Paris zilianza kwenye miaka ya 1720, zililetwa na Waingereza na Waskoti waliokimbia kwao kwa sababu za kisiasa, wale waliokuwa upande wa ukoo wa kifalme wa Stuart uliong'olewa Uingereza. Walikuwa wanakutana kwenye vilabu vya mvinyo na mahoteli. Wafaransa wakaanza kujiunga, makabaila, wafanyabiashara, mapadri pia, na serikali ya Kardinali Fleury, waziri mkuu wa mfalme, ikaanza kuwa na wasiwasi, sio kwa sababu ya shetani, ni kwa sababu watu wa matabaka mbalimbali wanajifungia chumba kimoja na hakuna anayejua wanaongea nini.

Septemba 1737 polisi wakavamia klabu ya muuza mvinyo mmoja anaitwa Chapelot, kule La Rapée pembeni ya mto Seine. Nje kamishna alikuta magari ya farasi yamejipanga, na ndani kulikuwa na watu wengi wamevaa aproni nyeupe. Wale wakubwa hawakuguswa. Aliyepigwa ni Chapelot, faini livre 1000 na klabu yake ikafungwa miezi 6, tena mlango ukajengewa ukuta kabisa.

Sasa angalieni kilichofuata. Mkuu wa polisi wa Paris, René Hérault, akaona kuwakamata makabaila ni kujitafutia matatizo, akaamua kuwavua nguo hadharani. Akapata maelezo ya namna mtu anavyoingizwa kwenye loji, chumba cha giza, kufungwa kitambaa machoni, goti wazi, kiapo, yote. Habari za wakati ule zinasema aliyapata kupitia mcheza dansi wa Opera anaitwa binti Carton, ambaye alimtoa siri bwana mmoja Mmasoni. Mwisho wa 1737 yale maelezo yakachapwa na kusambaa mji mzima.

Kwa hiyo moja ya maelezo ya kwanza kabisa ya ibada ya Kimasoni Ufaransa ni kazi ya polisi waliotaka watu wacheke. Haina maana ni uongo, mengi yanakubaliana na nyaraka za baadaye. Lakini lengo lake lilikuwa kuwadhalilisha, na ukisoma lazima ulijue hilo.

Nakuja na sehemu ya pili.

Bint Magomeni:

Naweka kambi hapa. Mkuu shusha taratibu tunafuatilia.

Mzee wa Busara 66:

Na Papa hakuwalaani mapema kabisa? Sasa mapadri wanajiungaje na kitu kilicholaaniwa?

Kumbukumbu Hai:

Mzee shikamoo, swali zuri sana hilo. Papa Clement wa 12 aliwalaani mwaka 1738, ni kweli. Ila Ufaransa ya wakati ule hati ya Papa ilikuwa haina nguvu mpaka isajiliwe na Bunge la Paris, lile la kimahakama, na hii haikusajiliwa. Kwa hiyo kisheria ndani ya Ufaransa ilikuwa kama haijatoka, mapadri na watawa wakaendelea kuingia loji bila shida kubwa mpaka mapinduzi ya 1789.

Kumbukumbu Hai:

SEHEMU YA 2

Mwaka 1773 Wamasoni wa Ufaransa wakajipanga upya wakaanzisha Grand Orient de France, mpaka leo ipo, makao yake ni mtaa wa Cadet, Paris. Mkuu wao alikuwa binamu wa mfalme, mtawala (yaani duke, cheo cha kikabaila) wa Chartres ambaye baadaye akawa mtawala wa Orléans. Loji zikaota kila mji, na nyingine za wanajeshi zikawa zinahama na kikosi.

Kuna loji moja ya Paris, Neuf Sœurs, ya 1776, hiyo ilikusanya wasomi na wasanii. Tarehe 7 Aprili 1778 ikampokea Voltaire, mzee wa miaka 83, aliingia ameegemea mkono wa Benjamin Franklin balozi wa Wamarekani. Wakampunguzia yale majaribu ya kumtisha mgeni kwa sababu ya umri. Wakamvisha aproni ya marehemu Helvétius, mwanafalsafa, yule mzee akaibusu kabla ya kuivaa. Wiki chache baadaye, 30 Mei, akafariki.

Mambo kama haya ndo yaliwapa chakula wale waliokuja kusema mapinduzi ya 1789 yalipangwa lojini. Na aliyelisema kwa nguvu kuliko wote ni padri, Augustin Barruel, Mjesuiti aliyekimbilia London. Kati ya 1797 na 1798 akatoa vitabu kadhaa akisema kuna njama ya ngazi 3: kwanza wanafalsafa dhidi ya Mungu, halafu Wamasoni dhidi ya wafalme, halafu Illuminati, chama cha siri cha Bavaria kule Ujerumani, dhidi ya kila kitu. Vikatafsiriwa, vikasomwa Ulaya nzima. Hii neno Illuminati mnayoiona kila siku kwenye simu zenu, sehemu kubwa ya umaarufu wake ni Barruel na wenzake wa miaka hiyohiyo, maana chama chenyewe kule Bavaria kilipigwa marufuku miaka ya 1784 na 1785, kikafa.

Mgosi Darasani:

Mkuu hapo sasa ndo penyewe, je mapinduzi waliyapanga wao au hawakuyapanga? Usituzungushe.

Kumbukumbu Hai:

Hawakuyapanga. Nakujibu moja kwa moja halafu nakwambia kwa nini.

Kwanza Wamasoni walikuwa pande zote mbili. Kuna waliokata watu vichwa na kuna waliokatwa vichwa. Mkuu wao mwenyewe, huyo mtawala wa Orléans aliyejibadili jina akajiita Philippe Égalité, alijitoa hadharani kwenye umasoni mwanzoni mwa 1793 akisema jamhuri haitakiwi kuwa na siri, na Novemba mwaka huohuo akapelekwa gilotini. Loji nyingi zikafunga kipindi kilichoitwa cha Ugaidi, serikali ya mapinduzi ilipokuwa inawaua iliowaona maadui. Chama kinachopanga mapinduzi halafu mapinduzi yakakifunga chenyewe, hiyo njama gani?

Halafu Barruel alijibiwa mapema tu. Jean-Joseph Mounier, ambaye alikuwepo mwenyewe kwenye Bunge la 1789 na hakuwa shabiki wa Wajakobini, wale wanamapinduzi wenye msimamo mkali, hata kidogo, aliandika 1801 kwamba ule mchanganuo wa njama haushikiki. Ila hakuna aliyemsikiliza kama walivyomsikiliza Barruel, njama siku zote inauzika.

Lakini pia kuna swali la msingi zaidi ambalo wanahistoria makini walikuja kuliuliza baadaye: kama hawakupanga, je, zile loji zilibadilisha nini? Hapa kuna mtu mnatakiwa mumjue, Maurice Agulhon. Mwaka 1968 alitoa kitabu kuhusu Provence, kusini mwa Ufaransa, kinahusu wapenitenti na Wamasoni. Wapenitenti ni vyama vya kidugu vya waumini walei, wanavaa kanzu na kofia za kufunika uso, wanafanya maandamano ya kidini, wanazika maskini na waliohukumiwa kifo. Agulhon akachukua majina ya wanachama wa vyama hivyo na majina ya wanachama wa loji, akayalinganisha mji kwa mji. Akakuta kumbe ni watu walewale! Yaani wenye hadhi wa mji, baba zao walikuwa kwenye upenitenti, wao katikati ya karne ya 18 wakaanza kuacha upenitenti wakahamia lojini. Hitaji la kuwa na kundi, kuchanga, kula pamoja, kuzikana, lilikuwepo tangu zamani, kilichobadilika ni nyumba.

Mimi hiyo kazi naiheshimu kuliko vitabu 100 vya njama. Hakwenda kutafuta siri, alienda kutafuta orodha za majina.

Mukubwa wa Lushi:

Ndugu Kumbukumbu, mimi niko Lubumbashi na kusoma kwetu ni kwa Kifaransa, haya mambo tuliyasikia shuleni lakini kwa upande wa serikali tu. Utueleze wale Charbonnerie na wale sajenti wane wa La Rochelle, maana kwa Kiswahili sijaona mtu ameandika.

Kumbukumbu Hai:

SEHEMU YA 3: Wachoma mkaa

Asante sana ndugu wa Lubumbashi, hii ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote, nitakaa nayo.

Napoleon ameshaanguka, wafalme wa Bourbon wamerudi, vijana wa vyuo na maafisa wa jeshi la zamani wana hasira. Agosti 1820 wakajaribu kupindua wakashindwa. Wawili kati yao, Joubert na Dugied, wakakimbilia Naples, huko wakakuta Wakarbonari wa Kiitalia, chama cha siri kilichojivika lugha ya wachoma mkaa wa porini. Wakarudi na ule muundo. Tarehe 1 Mei 1821 Paris kikaanzishwa Charbonnerie ya Kifaransa, wakiwemo Bazard, Buchez na Flotard, wengi wao walitoka loji inayoitwa Amis de la Vérité.

Muundo wake ulikuwa hivi. Kikundi kimoja kinaitwa vente, hakizidi watu 20. Kwa nini 20? Kwa sababu Sheria ya Adhabu ya 1810, kifungu cha 291, ilisema mkusanyiko wa watu zaidi ya 20 lazima upate kibali cha serikali. Vente za chini zinatoa mjumbe kwenda vente ya juu, inayotoa mjumbe kwenda juu kabisa, na mtu wa vente moja haruhusiwi kujua wa vente nyingine, akikamatwa hana wa kumtaja. Kila mwanachama alipe faranga 1 kwa mwezi, awe na bunduki na risasi 25, na hakuna kuandika chochote. Juu kabisa alikuwepo Lafayette, yule shujaa wa vita vya Marekani, na wabunge kadhaa.

Mipango ikaanza kufeli mmoja baada ya mwingine. Belfort, usiku wa mwaka mpya wa 1822, wakashtukiwa. Saumur, jenerali Berton alifika na watu wake mpaka mlangoni mwa mji akasita, wakatawanyika, baadaye akakamatwa na kukatwa kichwa kwa gilotini Oktoba 1822 kule Poitiers.

Na hawa sajenti. Kikosi cha 45 cha miguu kilikuwa Paris, karibu na mtaa wa wanafunzi, vijana wa vyuo wakawa wanakunywa na masajenti mpaka wakawaingiza kwenye chama. Wakubwa wakahisi kitu, kikosi kikahamishiwa La Rochelle, mji wa bandari. Njiani na baada ya kufika mambo yakavuja, Machi 1822 wakakamatwa. Bories, Goubin, Pommier, Raoulx, vijana watupu. Hawakuwa wamefyatua risasi hata moja, kosa lao lilikuwa kiapo. Wakaletwa Paris kushtakiwa. Wakaambiwa waziwazi kwamba wakitaja wakubwa wao wataokoa roho zao. Bories akajaribu kujibebesha mzigo wote peke yake ili wenzake wapone. Hawakutaja mtu. Tarehe 21 Septemba 1822 wote 4 wakachinjwa kwenye uwanja wa Grève, na Lafayette yuko nyumbani kwake salama.

Hapa mimi huwa nashindwa kuvumilia kabisa. Wakubwa walijua. Walikuwa bungeni, wana majina, wana kinga, na vijana wa familia za kawaida wakafa na siri ambayo mawakili wa serikali walikuwa tayari wanaijua nusu yake!

Maana turudi kwenye swali letu. Chama hakikuandika kitu. Sasa hiyo habari ya vente, ya bunduki na risasi 25, na ya kiapo, inatoka wapi? Nyingi inatoka kwenye kesi zenyewe, maungamo ya waliobanwa, na hotuba ndefu ya mwendesha mashtaka Marchangy pale mahakamani, ambaye kazi yake ilikuwa kuonyesha kwamba kuna jitu moja kubwa limejificha nyuma ya masajenti wanne. Baadaye baadhi ya wanachama wakaja kuandika kumbukumbu, lakini ni baada ya mapinduzi ya 1830 yaliyowang'oa Bourbon, wakati ambapo kuwa ulikuwa Charbonnerie ni sifa ya kuombea cheo. Kwa hiyo upande mmoja una mtu anayetaka chama kionekane cha kutisha, upande wa pili una mtu anayetaka kionekane cha kishujaa. Mwanahistoria anapita katikati hapo.

Bint Magomeni:

Daah hao vijana wameniliza kweli. Halafu mkuu naomba kuuliza, wanawake walikuwa wapi kwenye haya yote?

Kumbukumbu Hai:

Dada, karne ya 18 kulikuwa na loji za kuasili, za wanawake lakini chini ya uangalizi wa loji ya wanaume, Grand Orient ikazitambua 1774. Kuingia kama mtu kamili ni baadaye sana. Tarehe 14 Januari 1882 loji moja kule Le Pecq, karibu na Paris, ikampokea Maria Deraismes, mwandishi na mpigania haki za wanawake, loji yenyewe ikaingia matatani kwa kufanya hivyo. Mwaka 1893 yeye na Georges Martin wakaanzisha chama cha wanaume na wanawake pamoja, Droit Humain, kipo mpaka leo.

Kumbukumbu Hai:

SEHEMU YA 4: Shushushu aliyegeuka mwanahistoria

Baada ya 1830 vyama vikawa vya kijamhuri na vya wafanyakazi. Mwaka 1834 sheria ikabanwa zaidi, sasa hata ukijigawa vikundi vya watu chini ya 20 bado ni kosa. Wakazama chini zaidi. Auguste Blanqui, Armand Barbès na Martin Bernard wakaanzisha Société des Saisons mwaka 1837. Watu 6 na kiongozi wao wanaunda wiki, kiongozi anaitwa Jumapili. Wiki 4 ni mwezi, kiongozi anaitwa Julai. Miezi 3 ni msimu, kiongozi Spring yaani majira ya kuchipua. Misimu 4 ni mwaka. Mgeni anaapishwa amefungwa macho anaulizwa maswali kuhusu ufalme na matajiri, na maswali hayo tunayajua kwa kuwa yaliangukia mikononi mwa polisi yakaishia kwenye makabrasha ya kesi.

Tarehe 12 Mei 1839, Jumapili, watu wa Paris wengi wameenda kwenye mbio za farasi, wao wakavunja duka la silaha la Lepage wakavamia jumba la mahakama na ukumbi wa jiji. Mia chache tu. Raia hawakuwaunga mkono, kesho yake imeisha. Barbès akahukumiwa kifo akasamehewa, Blanqui akakamatwa Oktoba, naye hivyohivyo. Blanqui kwa ujumla maisha yake alikaa jela zaidi ya miaka 30.

Sasa msikie hii. Kulikuwa na mwanachama mwenye kuaminika sana, mshairi, mwandishi wa magazeti ya kijamhuri, anaitwa Lucien de la Hodde. Februari 1848 mfalme akapinduliwa, wanajamhuri wakakamata madaraka, Marc Caussidière mmoja wao akawa mkuu wa polisi wa Paris, na De la Hodde akajipenyeza hapo kama katibu. Caussidière akaenda kwenye mafaili ya serikali iliyoanguka akakuta lundo la ripoti, miaka kadhaa, kila kikao, kila jina, zimesainiwa "Pierre". Mwandiko ukalinganishwa. Ni De la Hodde!

Machi 1848 wakamwita usiku kwenye chumba cha Albert, yule mfanyakazi aliyekuwa kwenye serikali ya muda, kule jumba la Luxembourg. Wakamsomea ripoti zake mbele ya watu aliowachoma. Akakana, mwishowe akakiri. Wakamwekea bastola ajimalize mwenyewe, akakataa. Wakampeleka jela.

Akatoka, na 1850 akaandika kitabu kikubwa cha historia ya vyama vya siri na chama cha kijamhuri toka 1830 hadi 1848. Na hicho kitabu, wakuu, ndicho wanahistoria wamekitegemea miaka na miaka kwa habari za kipindi hicho! Kwa sababu alikuwepo kwenye chumba. Anajua nani alisema nini. Lakini pia ni mtu anayewachukia aliowasaliti na anataka waonekane walevi na wapuuzi. Ukikuta popote maelezo ya vikao vya siri vya miaka ya 1840 yenye dharau kidogo, kagua, mara nyingi chanzo ni yeye.

Mgosi Darasani:

Hapo kwa Caussidière nimesimamisha kazi zote ofisini. Ila mkuu kuna watu watakuuliza, unavyoongea ni kama hawa jamaa wote ni wa kuonewa tu. Frimasoni hawajawahi kumchunguza mtu?

Kumbukumbu Hai:

Wamewahi, tena vibaya. Mwaka 1904 ilifumuka kashfa inaitwa ya fiche, yaani vikaratasi vya taarifa. Waziri wa vita, jenerali André, alitaka kujua maafisa gani wa jeshi ni wanajamhuri kweli, akatumia Grand Orient. Loji za mikoani zikawa zinaandika vikaratasi kuhusu maafisa wa jeshi wa eneo lao: huyu anaenda misa, huyu watoto wake wako shule ya mapadri, huyu mkewe ni wa kanisani sana. Waziri ana daftari mbili, Corinthe ya wanaofaa kupandishwa, Carthage ya wasiofaa. Maelfu ya watu waliandikwa, na wengi walikwama cheo bila kujua kwa nini.

Na imejulikanaje? Bidegain, mtumishi wa ofisi ya Grand Orient, alinakili zile karatasi akaziuza kwa wapinzani. Mbunge Guyot de Villeneuve akazisoma bungeni Oktoba 1904, wiki iliyofuata mbunge Syveton akamzaba waziri kofi ndani ya bunge, André akajiuzulu, na Januari 1905 serikali ya Combes ikaondoka. Mimi hilo silitetei hata chembe, kumnyima mtu cheo kwa sababu anasali ni dhuluma. Hata hii tumeipata kwa msaliti, lakini karatasi zenyewe zilikuwa za kweli.

Mzee wa Busara 66:

Marahaba mwanangu. Sasa habari za kuabudu shetani uliahidi.

Kumbukumbu Hai:

SEHEMU YA 5: Taxil

Gabriel Jogand-Pagès, mtu wa Marseille, jina la kalamu Léo Taxil. Kwanza alikuwa mwandishi wa kulikashifu kanisa. Mwaka 1885, mwaka mmoja baada ya Papa Leo wa 13 kutoa waraka mkali dhidi ya Wamasoni, akatangaza ametubu amerudi kanisani, na akaanza kutoa vitabu vya "kufichua" umasoni. Vikauzwa sana. Mwaka 1887 Papa mwenyewe akampokea Roma. Akazidi kupandisha dau: kuna umasoni wa juu zaidi unaitwa Palladium, unamwabudu Lusifa, mkuu wake ni Mmarekani Albert Pike, na kuna mwanamke kuhani wao, Diana Vaughan, ambaye sasa ameokoka na anaandika kumbukumbu zake. Maaskofu wakasoma. Mwaka 1896 kukawa na mkutano mkubwa wa kupinga umasoni kule Trento, watu wakabishana kama Diana yupo au hayupo.

Tarehe 19 Aprili 1897, ukumbi wa Société de géographie, Paris, Taxil akaahidi kumleta. Umejaa waandishi na mapadri. Akaanza kwa bahati nasibu ya mashine ya kuchapa, halafu akasimama akasema yote ni uongo, miaka 12 alikuwa anawatania, na Diana Vaughan ni mpiga chapa tu aliyekuwa anamlipa. Ukumbi ukachafuka akatoka kwa ulinzi wa polisi.

Sasa ile nukuu maarufu ya Pike kwamba Lusifa ndiye Mungu, ya tarehe 14 Julai 1889, ambayo nimeiona humu imebandikwa mara nyingi na imetafsiriwa mpaka Kiswahili, iliingia kwenye maandishi mwaka 1894 kupitia kitabu cha Abel Clarin de la Rive, aliyeamini hadithi za kundi la Taxil. Taxil alikiri hadharani, lakini nukuu bado inatembea.

Mukubwa wa Lushi:

Sasa kama adui ndiye aliyeandika kila kitu, hakuna hata mmoja wa ndani aliyeandika kwa moyo mwema?

Kumbukumbu Hai:

Yupo ndugu yangu, na namheshimu sana. Agricol Perdiguier, seremala, mzaliwa wa kijiji karibu na Avignon, 1805. Yeye hakuwa Mmasoni, alikuwa wa compagnonnage, vyama vya kidugu vya mafundi: maseremala, waashi, wahunzi, washona viatu. Kijana akishajua kazi anazunguka Ufaransa mji kwa mji, miaka kadhaa, kila mji kuna nyumba ya kulala inayotunzwa na mwanamke wanayemwita Mama, anapewa jina jipya, la Perdiguier lilikuwa Avignonnais la Vertu, anapewa fimbo ndefu na riboni za rangi. Na habari zao za zamani ni zilezile za adui: mwaka 1655 wanateolojia wa Sorbonne ndio walioziandika taratibu zao za kuapishana, kwa ajili ya kuzilaani.

Walikuwa wamegawanyika, wengine watoto wa Sulemani, wengine wa Maître Jacques, wengine wa Père Soubise, na wakikutana barabarani mmoja anasimama mbali anapaza sauti kumuuliza mwenzake ni fundi gani na wa upande gani. Jibu likiwa la upande mwingine, fimbo zinaongea. Watu walikufa. Perdiguier aliona hayo akiwa kijana, na 1839 akatoa kitabu kinachoeleza vyama vyote, vya kwake na vya wapinzani, nyimbo, desturi, mpaka fimbo, akiomba waache kuuana. Wenzake wengine walimwita msaliti kwa kutoa mambo nje. George Sand, mwandishi mwanamke maarufu, akakisoma akamsaidia fedha, 1840 akazunguka tena nchi kuhubiri amani kwa mafundi. Mwaka 1848 akachaguliwa mbunge, baada ya mapinduzi ya Louis-Napoléon akafukuzwa nchini. Vyama hivyo bado vipo, UNESCO iliviorodhesha 2010, na mafundi wao walikuwepo kwenye kujenga upya paa la Notre-Dame baada ya moto wa 2019.

Bint Magomeni:

Na vita ya pili ya dunia? Nilisikia Hitler aliwafuta.

Kumbukumbu Hai:

Ufaransa waliofanya ni Wafaransa wenyewe kwanza. Serikali ya Pétain, ile ya mji wa Vichy iliyoshirikiana na Wajerumani, ilitoa sheria tarehe 13 Agosti 1940 kufuta vyama vya siri, kila mtumishi wa umma asaini kwamba sio mwanachama. Agosti 1941 ikaongezwa nyingine, majina ya viongozi wa loji yakawa yanachapwa kwenye gazeti rasmi la serikali, unasoma jina lako na kazi huna. Oktoba 1940 Paris kulikuwa na maonyesho kwenye jumba la Petit Palais ya aproni na panga zilizoporwa lojini.

Na msimamizi wa haya alikuwa mwanahistoria! Bernard Faÿ, profesa, aliyewahi kuandika kitabu kuhusu Wamasoni wa karne ya 18. Alipewa uongozi wa Maktaba ya Taifa, baada ya Julien Cain, Myahudi, kufukuzwa na baadaye kupelekwa Buchenwald, kambi ya mateso ya Wanazi. Hapo maktaba Faÿ akakusanya nyaraka za loji, watu wake wakatengeneza kadi za majina maelfu kwa maelfu, akatoa na jarida. Baada ya vita akahukumiwa kazi ngumu maisha, 1951 akatoroka kwenda Uswisi. Cain alirudi hai akakalia kiti chake.

Nyaraka nyingine Wajerumani walizibeba kwao, Jeshi Jekundu likazikuta likazipeleka Moscow, zikafungiwa kwenye hifadhi maalumu iliyokuwa siri, mpaka Urusi ilipoanza kurudisha miaka ya 1990, na Grand Orient wakapata za kwao mwaka 2000. Leo mtafiti anayechunguza Wamasoni wa Ufaransa anakaa na makusanyo mawili makubwa, moja lilikusanywa na Vichy, la pili lilipita Berlin na Moscow. Mengi ndani yake ni mahudhurio, michango, barua za loji na loji. Ndo maana tangu 2000 utafiti umechangamka, watu kama Pierre-Yves Beaurepaire wanafuatilia nani alisafiri na kumwandikia nani.

Mgosi Darasani:

Mkuu swali la mwisho, umesema Barbès na Blanqui walikuwa pamoja, mbona nimesoma mahali walikufa hawasalimiani?

Kumbukumbu Hai:

Ni karatasi tena mkuu. Machi 1848 mwandishi Jules Taschereau alichapa waraka aliosema umetoka kwenye mafaili ya serikali, maelezo aliyopewa waziri wa mambo ya ndani Oktoba 1839 na mtu mmoja, jina halikuwekwa, akieleza Société des Saisons yote. Kila aliyesoma alijua anayelengwa ni Blanqui. Hauna sahihi yake, hauna mwandiko wake. Blanqui akajibu kwa hasira kwamba ni uzushi wa kummaliza kisiasa, wenzake wengi wakasimama naye. Barbès akaamini, alisema mambo yale walikuwa wanayajua watu wachache tu. Hawakupatana tena, na wanahistoria mpaka leo wamegawanyika.

Mimi nalalia upande wa Blanqui, kwa sababu De la Hodde na wenzake walikuwa wanapeleka ripoti kila siku, serikali haikuhitaji Blanqui aiambie muundo ulivyo, na mtu aliyeuza wenzake huwa haachwi jela miaka yote ile. Lakini namwelewa anayemfuata Barbès. Na huyo Taschereau baadaye, mwaka 1858, akapewa uongozi wa maktaba kuu ya taifa, kiti kilekile alichokuja kukalia Faÿ.

Mukubwa wa Lushi:

Mimi naenda kwa Barbès. Kesho nitaandika kwa nini.